Kufundisha Utafutaji wa Chanzo cha Hitilafu: Mfano wa Boneti Inayotetemeka

Katika mafunzo ya ufundi wa magari, utafutaji wa chanzo cha hitilafu aghalabu hupewa saa chache mwishoni mwa muhula, baada ya injini, breki na umeme kwisha kufundishwa. Na mara nyingi hufundishwa kwa orodha. Mwalimu huandika dalili upande wa kushoto wa ubao, upande wa kulia huandika dawa yake, na wanachuo hunakili. Mimi nami nimefundisha hivyo kwa miaka mingi. Makala haya yanaeleza kwa nini niliacha, na yanaeleza somo nililoliweka mahali pake, ambalo vifaa vyake ni gari moja, kipande cha karatasi, konzi ya unga wa ngano na spana mbili tatu.

Aliyenifanya niache ni mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika orodha yangu palikuwa na mstari usemao: boneti ikitetemeka, rekebisha raba na kitasa. Siku niliyokwenda kumkagua, alikuwa amepewa gari ambalo boneti yake ilitetemeka likiwa limesimama, injini ikinguruma taratibu. Mbele ya darasa zima akazungusha raba juu na chini, akalegeza kitasa, akakishusha, akakikaza tena. Vipindi viwili vikapita na boneti ikaendelea kutetemeka. Hatimaye mwanafunzi mmoja akauliza, kwa adabu, mbona taa za mbele nazo zinatetemeka? Mwanachuo wangu hakuwa na jibu. Mpira mmoja kati ya ile inayobeba injini ulikuwa umekatika, injini ikawa inacheza mahali pake na kutikisa sehemu yote ya mbele ya gari. Nilipofungua daftari lake nikaukuta mstari ule ule, kwa maneno yangu mwenyewe. Alikuwa ametenda kama alivyofundishwa.

Dalili moja huweza kuzaliwa na vyanzo vingi. Jambo hili kila mwalimu wa ufundi analijua, lakini orodha ya ubaoni hulificha, kwa kuwa huiweka dalili na dawa yake bega kwa bega kana kwamba hakuna kitu katikati. Kilichokosekana kwa mwanachuo yule ni maswali ya kuuliza kabla ya kushika spana: mtetemo unatokea lini, unakoma lini, na ni kitu gani kingine kinachotetemeka pamoja na boneti.

Nimeichagua boneti kwa sababu hitilafu yake huonekana kwa macho na kuguswa kwa mkono. Haihitaji kufungua injini, haiunguzi, na mwanachuo akikosea hasara yake ni ndogo, maadamu mambo ya usalama nitakayoyataja yamezingatiwa.

Mwalimu ajue nini kabla ya somo

Boneti ya gari dogo la kawaida imefungwa kwa bawaba mbili upande wa nyuma, karibu na kioo cha mbele. Upande wa mbele inashikwa na kitasa, ambacho katika gereji zetu huitwa loki. Kitasa kinakamata chuma chenye umbo la herufi U kilichofungwa chini ya boneti. Pamoja na kitasa ipo ndoano ya usalama, ambayo kazi yake ni kuizuia boneti isiinuke kitasa kikiachia. Kwenye pembe mbili za mbele kuna raba ambazo boneti huziegemea, na raba hizo mara nyingi zina skrubu ili ziweze kupandishwa au kushushwa. Raba husukuma juu, kitasa huvuta chini, na boneti hutulia kwa sababu imebanwa kati ya kani hizo mbili. Raba ikiwa fupi mno, kitasa hubaki peke yake, na boneti huwa na nafasi ya kucheza hata kama kitasa ni kipya.

Boneti yenyewe si bamba moja. Juu kuna bati jembamba lenye rangi, na chini yake kuna fremu ya mbavu. Vipande hivi viwili vimekunjwa pamoja kwenye kingo. Lakini katikati, pale mbavu zinapolikaribia bati, huwekwa madonge ya gundi laini ili bati lisipigepige. Wanachuo wengi hawajawahi kuyaona madonge haya, na naungama kwamba hata baadhi yetu walimu hatukuwa tumeyatilia maanani.

Yafaa pia mwalimu aeleze upepo. Gari likienda, hewa inayopita juu ya boneti hulazimika kufuata mviringo wake, na katika sehemu ya mbele kanieneo yake hupungua. Wakati huo huo hewa inayoingia kwenye matundu ya mbele ya rejeta husukuma kutoka chini. Matokeo yake boneti hutaka kuinuka. Mfano ulio karibu ni paa la bati. Kila aliyelala chini ya paa lililong'oka msumari mmoja anajua kwamba usiku wa upepo bati hupiga kelele pale pasipo na msumari tu, na kwamba upepo unalivuta kwenda juu ingawa haukupita ndani ya nyumba.

Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kwa hewa ya joto ya pwani, kanieneo ya upepo unaolikabili gari kwa kilometa 50 kwa saa ni sawa na uzito wa kilo 11 hivi juu ya kila mita ya mraba. Kwa kilometa 100 kwa saa ni karibu kilo 45. Boneti haipati kiasi hicho chote, kwa sababu hewa haiipigi wima, lakini uwiano unabaki ule ule. Ndiyo maana boneti iliyotulia kabisa katika mitaa ya mji inaweza kuanza kutetemeka ghafla katika barabara kuu.

Gari la mfano

Gari nililolitumia lilikuwa langu mwenyewe. Ni gari dogo la Kijapani, lililotumika huko kabla ya kuletwa huku, kama yalivyo magari mengi ya Dar es Salaam. Nakaa Mbezi Beach, upande wa chini ya barabara ya Bagamoyo, ambako upepo wa bahari wenye chumvi haukomi, na chuma kisichopakwa rangi huanza kula kutu mapema. Kutoka nyumbani hadi lami ni njia ya mchanga yenye makorongo na matuta. Kutoka hapo ni barabara pana hadi Tegeta, kisha Boko, Bunju, Mapinga na kuendelea.

Katika makazi ya watu, ambako sheria inataka mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa, gari halikuwa na neno. Njiani kati ya Mapinga na Kerege, mwendo ukipita kilometa 70 hivi, boneti ilianza kutetemeka, na kila lilipopishana na lori iliruka kidogo kama mtu aliyeshtuka. Nililipeleka kwa fundi mmoja, naye bila kuuliza lolote akabadili kitasa. Mtetemo haukuisha. Fundi wa pili akasema ni magurudumu, akayatoa na kuyasawazisha. Mtetemo haukuisha. Nililipa mara mbili, na sitaki kuwalaumu sana mafundi wale, maana walikuwa wakifuata orodha zao kama nilivyokuwa nikifundisha yangu. Hapo ndipo niliposema basi, gari hili halitengenezwi tena mpaka wanachuo walione.

Siku ya kwanza: boneti isifunguliwe

Jambo gumu kuliko yote katika somo hili ni kuwazuia wanachuo wasifungue boneti. Kijana wa ufundi akilifikia gari mkono wake hutangulia. Niliwaambia kwamba kwa vipindi viwili vya kwanza hakuna spana, na kwamba mimi ndimi mwenye gari, hivyo waniulize maswali kama fundi amwulizavyo mteja. Nilijiwekea sharti moja: nijibu nilichoulizwa tu, nisiongeze.

Maswali ya mwanzo yalikuwa ya kubahatisha. Je, umebadili kitasa? Nikajibu ndiyo. Kimya. Je, raba ni nzima? Nikasema sijui. Kimya kingine, kirefu zaidi. Hapa mwalimu hushikwa na hamu kubwa ya kusaidia, na ninawasihi wenzangu waishinde. Baada ya muda binti mmoja akauliza, "Mwalimu, likisimama linatetemeka?" Nikasema hapana. Hapo somo likaanza.

Tukaliwasha gari likiwa limesimama, vizuizi vimewekwa kwenye magurudumu, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama mbele yake. Nikaongeza mafuta taratibu mpaka injini ikavuma kwa kasi, nao wakaweka viganja juu ya boneti kutoka ubavuni. Boneti ilitulia. Nikawauliza jambo hilo linaondoa nini. Wakaona kwamba linaondoa injini: mipira inayoibeba, plagi isiyochoma, na kila kinachozunguka pamoja nayo, kwa kuwa vyote hivyo vilikuwa vikifanya kazi bila gari kwenda. Mwanachuo aliyeaibika mbele ya darasa lake angelifanya jaribio hili moja, asingaligusa raba zile.

Yakabaki magurudumu na upepo, kwa kuwa vyote viwili huhitaji gari liende. Nilitumia ubao kwa hesabu kidogo. Gurudumu la gari lile lina mzingo wa karibu mita 1.9. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa gari hupita mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu huzunguka karibu mara 12 kwa sekunde. Injini yenye silinda nne, ikizunguka mara 750 kwa dakika, huchoma mara 25 kwa sekunde. Mtetemo wa mara 12 mkono huuhisi kama kugongwagongwa, ule wa mara 25 huwa kama mvumo. Sikuwataka wakariri hesabu hizi. Nilitaka waone kwamba mtetemo una mwenyewe, na kwamba mwenyewe hutambulika kwa hesabu ya mapigo yake.

Wakaendelea kuuliza. Je, usukani unatetemeka? Hapana. Je, mwendo ukizidi mtetemo hupungua? Hapana, huzidi. Walijua kutokana na somo la magurudumu kwamba gurudumu lisilosawazishwa mara nyingi husumbua katika mwendo fulani, kisha hutulia mwendo huo ukipitwa, na kwamba yale ya mbele huutikisa usukani. Ushahidi ukaanza kuelekea kwenye upepo, ingawa haujatosha.

Ndipo kijana mmoja wa kutoka Bagamoyo akauliza swali ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza: "Hutetemeka sawasawa kwenda na kurudi?" Nikafikiri. Sivyo. Wakati wa kurudi ilikuwa mbaya zaidi, nami nilidhani ni uchovu wangu wa jioni. Kijana akasema sasa ni kusi. Barabara ya Bagamoyo inafuata pwani kwenda kaskazini. Wakati wa kusi, aendaye Bagamoyo upepo humsukuma kutoka nyuma, na arudiye mjini hukabiliana nao. Tukapiga hesabu ubaoni. Gari likienda kilometa 80 kwa saa, na upepo ukiwa wa kilometa 20 kwa saa, hewa hulikabili kwa kilometa 60 wakati wa kwenda na kwa kilometa 100 wakati wa kurudi. Nguvu ya upepo wa kurudi huwa karibu mara tatu ya ule wa kwenda. Upepo haupigi barabara kwa unyofu huo, na hesabu ilikuwa ya kukadiria tu, lakini gurudumu halijui kama linakwenda Bagamoyo au linatoka. Darasa zima likakubali kwamba ni upepo, na kwamba boneti ilikuwa ikiuachia.

Hatukulitoa gari barabarani kwa mwendo mkubwa pamoja na wanachuo. Mwalimu asifanye hivyo. Ushahidi wa barabarani autoe dereva kwa mdomo, wanachuo wauchambue.

Siku ya pili: karatasi na unga

Kabla ya kufungua, kila mmoja aliandika anachotarajia kukikuta. Jambo hili nalishikilia sana, kwa sababu mwanachuo ambaye hajaandika makisio yake hukiona kitu kilichovunjika na kusema alikijua tangu mwanzo.

Jaribio la kwanza ni la mkono. Boneti ikiwa imefungwa, pembe ya mbele kushoto inabonyezwa, kisha ya kulia. Kushoto haikushuka. Kulia ilishuka kidogo na kurudi. La pili ni la karatasi: ukanda mwembamba unalazwa juu ya raba, boneti inafungwa, kisha ukanda unavutwa polepole. Ukikaza, raba inagusa. Kushoto ukanda ulikaza hata ukachanika. Kulia ulitoka kama unavyotoka katikati ya kurasa za kitabu.

La tatu, ambalo wanachuo walilipenda mno, ni la unga. Unga wa ngano hukandwa kwa maji kidogo mpaka uwe mgumu kama wa chapati. Donge lenye ukubwa wa tende huwekwa juu ya kila raba, boneti inafungwa na kufunguliwa, kisha unene wa donge lililobanwa hupimwa kwa rula. Kushoto tulipata milimeta moja. Kulia tulipata milimeta nne. Udongo wa mfinyanzi unafaa vilevile, ila ufutwe vizuri kwa kuwa mchanga wake hukwaruza rangi.

Walipoitazama raba ya kulia wakaona kwamba si raba ya gari. Mtu fulani, wakati fulani, alikuwa amekata kipande cha kandambili na kukipachika pale. Bila shaka kilitosha siku kilipowekwa. Lakini mpira wa kandambili haukutengenezwa kuvumilia joto la injini, ukabanwa na kulala. Kitasa kipya kilichofungwa na fundi wa kwanza kilikuwa kizima kabisa, ila kilikuwa kikiivuta boneti kuelekea mahali pasipo na kitu cha kuegemea.

Raba nyingine ya aina ile ilipatikana kwa wauza vipuri vilivyotumika huko Gerezani. Yafaa mwalimu asimamie mpango wa marekebisho, kwa maana wanachuo hupenda kulegeza kila kitu kwa pamoja. Kwanza mahali pa kitasa pachorwe mstari kwa msumari au kalamu ya rangi, ili kikisogezwa kiweze kurudishwa kilipokuwa. Raba zipandishwe nusu mzunguko kwa kila hatua, na kila mara boneti ifungwe na kutazamwa kama iko sawa na madigadi ya pande zote mbili. Kama raba zimegusa na boneti bado inacheza, ndipo bolti za kitasa zilegezwe na kitasa kishushwe milimeta moja, si zaidi, kisha zikazwe. Boneti iliyorekebishwa vema hujifunga ikiachiwa kutoka kimo cha sentimeta 20 au 30. Ikihitaji kukandamizwa kwa nguvu, raba zimepanda mno au kitasa kimeshuka mno. Sisi tulizidisha. Tulikishusha kitasa mpaka boneti ikakataa kufunguka kwa kebo, na ilitubidi mmoja aikandamize kwa viganja huku mwingine akivuta kebo ndani ya gari. Niliwaacha wahangaike kwa muda, kwa kuwa nilijua haitavunjika.

Hapo darasa lilitaka kushangilia. Karatasi ilikaza pande zote na madonge yalilingana. Nikaenda Kerege siku ya pili yake na kurudi, na ni kweli, boneti haikuruka tena kwa malori. Lakini katikati yake bati lilikuwa bado likipigapiga kwa wepesi, mfano wa karatasi mbele ya feni.

Niliwaeleza hivyo wanachuo, na baadhi yao waliona nimewaonea. Mmoja alisema tatizo limekwisha "kwa kiasi kikubwa". Hapa ndipo nilipoona faida ya kutumia gari halisi badala ya hitilafu iliyopandwa na mwalimu, kwa maana mwalimu akipanda hitilafu hupanda moja, na mwanafunzi akiipata hutua mzigo. Gari la mtu huwa na historia. Tukaigonga boneti kwa ncha za vidole toka ukingoni hadi katikati. Kingoni ilitoa sauti nzito iliyokufa mara moja. Katikati, upande wa kulia, ilitoa sauti tupu kama ya debe. Wakaifungua na kutazama chini kwa tochi. Madonge matatu ya gundi yalikuwa yamekauka na kupasuka, na juu yake rangi ilionyesha alama za puti, yaani boneti ilikuwa imewahi kunyooshwa baada ya kugongwa. Tulipachika gundi ya kunyumbuka ya bodi za magari kati ya ubavu na bati, bila kulisukuma bati juu, tukaiacha ikauke usiku kucha. Puti isitumike kwa kazi hii, kwa kuwa hukauka ikawa ngumu na kupasuka tena. Mtetemo ukaisha.

Ndoano

Nimelibakiza jambo moja ambalo halikuwamo katika andalio langu la somo. Wakati wa kuchunguza kitasa, yule binti aliyeuliza swali la kwanza aliisukuma ndoano ya usalama kwa kidole, nayo haikurudi. Yeyote aliyefunga kitasa kile kipya alikuwa ameipinda ndoano ili kipate kuingia, ikawa inagusa fremu na kukwama. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimekwenda mwendo wa kilometa 80 na zaidi, boneti ikirukaruka, na kitasa kimoja tu ndicho kilichoizuia isiinuke na kunifunika kioo chote cha mbele. Nilikuwa nikiwapakia watoto wangu.

Tangu siku ile ukaguzi wa ndoano umekuwa ndio hatua ya kwanza ya somo, kabla ya maswali yote. Hukaguliwa hivi: kebo inavutwa, boneti inainuka kidogo, kisha mtu anajaribu kuiinua kwa mkono bila kuigusa ndoano. Isipokataa, gari lisiondoke. Kwetu sisi wa pwani ndoano na springi yake hushikwa na kutu upesi, kwa hiyo zisuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa grisi kidogo.

Wapo wanaofunga boneti kwa kamba au kwa ukanda wa tyubu. Mtu aliyeharibikiwa usiku njiani simlaumu kwa kufanya hivyo mpaka afike nyumbani polepole. Darasani mwalimu aonyeshe hasara yake: kamba huua mtetemo, na mtetemo ndio uliokuwa ukimwambia dereva kwamba kuna kitu kimeachia.

Kupima na kuigiza

John Dewey, katika kitabu chake cha mwaka 1910 juu ya namna tunavyofikiri, alieleza kwamba fikra huanza mtu anapohisi kikwazo, kisha akakitambua mahali kilipo, akakisia ufumbuzi, akaupima kwa akili na hatimaye kwa kutazama zaidi. Nasi tangu mwaka 1967, ulipotolewa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, tumekuwa tukisema kwamba shule imjengee kijana akili ya kudadisi. Sina la kuongeza juu ya nadharia hizo, ila nimeona kwamba zote hushindwa katika mtihani wetu wa vitendo, kwa sababu tunatoa alama kwa gari lililopona. Sasa natoa nusu ya alama kwa karatasi ya maswali na makisio, hata kama makisio yalikuwa na kosa, mradi mwanachuo aonyeshe ni jaribio gani lililomfanya ayaache. Mwanachuo aliyebadili kitu kizima, kama alivyofanya fundi wangu wa kwanza, hukatwa alama hata kama baadaye alifika kwenye raba.

Kwa wenzetu walio katika shule zisizo na gari, somo linaweza kuigizwa kwa sanduku la bati la kawaida. Kifuniko chake kina bawaba nyuma na komeo mbele, kama boneti. Gundisha vipande viwili vya raba kwenye pembe za mbele, kimoja kikiwa kifupi kuliko kingine kwa milimeta tatu, na uvifiche kwa kitambaa chepesi. Mwanafunzi mmoja atikise sanduku juu ya meza, mwingine apulizie kifuniko kwa feni au kwa kipepeo, na darasa liulize maswali kabla ya kufungua. Unga uliobaki ufutwe siku hiyo hiyo, maana panya wa stoo hawatausubiri muhula ujao.